Mashine ya Kuwatambua Wapishi Wangu

Jumatatu, 4 Mei
Habari kubwa. Kampuni inayojenga mabweni kule Afungi inatafuta jiko la kuwapikia mafundi wake chakula cha mchana. Hapa Palma wameteua majiko mawili: langu, na la Sadique ng'ambo ya barabara. Dona Lurdes wa kampuni atakuja Jumatatu ijayo kukagua. Sharti lake moja: kila anayeingia jikoni ajulikane ni nani. Nikikosa kazi hii nafunga jiko. Wateja wa mtaani wameshahamia kwa Sadique.

Nasikia Sadique kampelekea fundi cherehani aproni zake azitarizi majina. Majina ya uzi! Ushamba mtupu. Mimi nimempigia Ricardo wa Pemba yetu ya Msumbiji, muuza mitambo. Alete kila alicho nacho.

Jumatano, 6 Mei
Ricardo kaja na aina tatu: kadi zenye chipu, kisoma vidole, na mashine ya kutambua sura. Nimechagua kadi. Mpishi anaigusisha mlangoni, inalia pii, na simu yangu inaniambia nani kaingia na saa ngapi. Kesho tunaanza. Sadique ashone.

Alhamisi, 7 Mei
Wapishi wote wameingia alfajiri, kwa mpigo! Nikaenda kujionea. Mlangoni yuko Atija peke yake, mpishi mkuu, dada wa mke wangu. Kafunga kadi zote kwenye pindo la kapulana, kitenge alichojifunga, anazigusisha moja moja: pii, pii, pii. Nikamuuliza wenzake wako wapi. Akasema wanakuja, shemeji. Huyu anachota maji, yule ananyonyesha, na yeye anakaa karibu, ndiyo maana wamemwachia. Siku zote wanashikiana hivyo, na wali haujachelewa hata mara moja. Kisha akaniuliza kama ninachotaka ni chakula au ni pii.

Angekuwa si shemeji yangu ningemjibu.

Ijumaa, 8 Mei
Kadi nimezifungia kabatini. Kidole hakifungwi kwenye kapulana! Ricardo kafunga kisoma vidole. Kimewakataa wapishi wote. Kukuna nazi na kuparua samaki kumewalainisha ncha za vidole, mistari hakuna tena. Wachache waliobaki na mistari walikuwa harusini Quionga, vidole vimejaa hina. Kidole kilichokubaliwa ni changu tu, mtu nisiyepika.

Nimepiga marufuku kukuna nazi mpaka mistari iote upya. Mchana tumekula matapa, yaani kisamvu, bila nazi. Mke wangu akaonja tonge moja, akanawa mkono, akavuka barabara. Kwa Sadique! Nimemwona kwa macho yangu haya.

Jumamosi, 9 Mei
Marufuku nimeiondoa. Sasa ni mashine ya sura, imeunganishwa na kitasa. Mlango unajifunga wenyewe, na sura isiyojulikana haufungukii. Hapa Sadique hanipati.

Wapishi walikuja wamejipaka msiro, ile dawa nyeupe ya mti wanayoisaga jiweni na kuipaka uso mzima kuulinda na moto. Ricardo akauliza kama wanawe uso kwanza ndipo awapige picha. Nikamwambia ndivyo wanavyokuja kazini kila siku. Mashine ndiyo iwazoee. Akanitazama, akawapiga picha. Yangu nimekataa. Mwenye jiko hatambuliwi na mashine, anajulikana.

Jioni nimewaagiza wapishi: Jumatatu waje nyuso safi, msiro marufuku, mgeni ni mtu mkubwa.

Jumatatu, 11 Mei
Nitaandika kwa ufupi.

Tangu Jumamosi mlango naushikilia kwa tofali, maana sura yangu haimo kwenye mashine; asubuhi wote wakapita hapo hapo. Wakabandika wali, samaki, matapa. Dona Lurdes alipokaribia nikawatoa wote nje wajipange wamsalimie, tofali nikaliondoa lisije likatuaibisha. Mlango ukajifunga. Nikamwomba Atija amwonyeshe mgeni mtambo. Akasogeza uso, safi, umeoshwa, unang'aa. Mashine ikasema kwa Kireno hairuhusiwi. Akaja wa pili: hairuhusiwi. Wote! Ndani wali ukaanza kunuka. Nikaweka kidole, nikakumbuka kisoma vidole tumeking'oa.

Nikamnong'oneza Atija ajipake msiro haraka. Akasema, si kwa kunong'ona, kwamba katii agizo langu, kaoga, kavaa nguo ya sherehe, na hajipaki tena. Msiro huu hapa, shemeji, jipake mwenyewe, mashine ni yako.

Nikajipaka. Mashine ikanikaribisha kwa jina la Atija. Mlango ukafunguka, moshi ukatoka wote kwa pamoja.

Dona Lurdes akanitazama nilivyokuwa, mweupe mpaka masikioni, akaniuliza kwa upole mimi ni nani. Atija akasema huyo ndiye patrão, mwenye jiko. Mama wa watu akaaga vizuri sana, akavuka barabara. Aibu niliyoipata sijawahi kuipata.

Jumatano, 13 Mei
Kazi kapewa Sadique. Kwa sababu ya kazi hiyo anahitaji wapishi zaidi, na wangu wote wamekwenda. Atija alikuja kuniaga nyumbani, kwa heshima zote, akapiga goti. Alisema hana kinyongo, ila kule akifika mlangoni mtu anamwambia karibu. Mke wangu akamsindikiza, na mpaka magharibi hii hajarudi.

Nimeumia. Jiko lile nimelijenga kwa mikono yangu, na leo hakuna wa kukoleza moto.

Ijumaa, 15 Mei
Nimekaa jikoni peke yangu tangu asubuhi, mlango nimeuwekea tofali. Kimya. Nikafungua simu kusoma taarifa ya leo ya mashine. Aliyechelewa: hakuna. Aliyetoka kabla ya saa: hakuna. Aliyeingia kwa jina la mwenzake: hakuna. Mchele haujapungua hata punje. Wiki nzima nilikuwa natafuta nidhamu ya namna hii! Mtambo ni mzuri. Watu ndio walikuwa wanauchanganya.

Nimempigia Ricardo, nimeagiza mashine ya pili, ya mlango wa nyuma. Akauliza ataisajilia sura za nani. Maswali mengine bwana! Nimemwambia alete mashine kwanza, watu watapatikana.