Mashine ya Shemeji na Kidole Changu

Jumatatu, 3 Juni
Mashine ya leza imefika kiwandani. Inapima shafti za pampu bila kuzigusa: mwanga mwekundu unapita juu, namba inatokea kwenye kioo, basi. Miaka yote kazi hiyo nimeifanya mimi, kwa maikrometa, kile kibano cha kupimia unene, na vidole hivi. Na Meneja amemkabidhi nani? Shemeji! Kaka yake mke wangu, aliyeajiriwa juzijuzi tu. Nimempongeza. Tabasamu limeniuma mashavu.

Jumanne, 4 Juni
Nimesugua shafti moja kwa siri mpaka ikang'aa. Nilisikia mng'ao huibabaisha leza. Shemeji akaipulizia unga mweupe kidogo, akapima, namba ikatoka sawasawa. Akauliza kwa upole nani aliyejisumbua kuing'arisha. Nikawasingizia wafagizi.

Jumatano, 5 Juni
Mpango bora zaidi. Kidole cha mtu mzima hakibadiliki. Nitakipima kila siku wenzangu wakiwa kantini. Namba zikicheza, mashine imeumbuka. Leo kidole cha pete: milimita 19.42. Mwanga wenyewe baridi. Ajabu.

Alhamisi, 6 Juni
18.90. Imeanza kudanganya! Ili kuhakikisha nikapima kile kipande cha chuma cha kuikagulia mashine, cha milimita 25 kamili. Ikasoma 25 kamili. Ina hila: inadanganya kwangu tu.

Ijumaa, 7 Juni
16.65. Pete imedondoka kwenye sinki nikinawa. Sabuni za siku hizi. Mke wangu akasema viatu vinanipwaya, akauliza kama naumwa. Nikamweleza kwamba ngozi ya viatu hutanuka. Akasogeza kiti chake mbali kidogo.

Jumamosi, 8 Juni
Siku ya ushindi. Nimemwita Meneja mbele ya watu wote, nikaweka kidole: 11.08. Nikamwomba aone uongo huo kwa macho yake. Hakutazama kioo. Alikuwa ananitazama mimi, na ilimbidi ainamishe kichwa. Shemeji akachukua maikrometa yangu mwenyewe, akaibana taratibu kwenye kidole changu. 11.08.

"Shemeji," akasema kwa sauti ya chini, "mashine haina kosa. Wewe ndiye unayepungua. Nakuomba, usijiweke tena chini ya ule mwanga."

Wamechezea hadi maikrometa yangu! Watu wabaya hawa. Walipoondoka nikapima tena, mwili mzima safari hii, ili ushahidi uwe kamili.

Jumatatu, 10 Juni
Naandika kwa kipande cha risasi ya penseli. Peni siiwezi tena. Asubuhi mke wangu alikuwa akinitafuta chini ya kitanda, analia. Sikuwa na nafasi ya kumbembeleza. Shemeji alipopita nyumbani kumsaidia kunitafuta, nikadandia mkoba wake hadi kiwandani, nikapenya chini ya mlango wa chumba cha vipimo, nikapanda kwa waya mpaka mezani. Sasa nimelala sambamba na shafti ya kwanza, chini kabisa ya jicho la leza. Atapima shafti, ataona nundu isiyokuwepo, na Meneja atanirudishia kazi yangu.

Shemeji ameingia. Ananiita polepole, anachungulia chini ya meza. Sijibu. Hanioni, sasa anaiwasha kazi ianze.

Mwanga unakuja. Vizuri. Leo lazima ikosee.