Muuguzi Pyo Aondolewe Kwenye Makaburi Yetu

Kwa Mkuu wa Kituo cha Afya,

Baada ya heshima zote unazostahili, mimi Maeng Byeong-sik, mkubwa wa ukoo wa Maeng hapa Dolgogae, namlalamikia muuguzi wako, Bi. Pyo.

Kila mwaka kabla ya sikukuu ya mavuno, Chuseok, tunapanda kilimani kufyeka nyasi kwenye makaburi ya wazee wetu. Safari hii tulimkuta Bi. Pyo ametangulia, kopo la dawa mkononi, anawawinda kupe.

1. Alituamuru tuchomeke suruali ndani ya soksi. Mdogo wangu Dal-su alicheka hadi akakaa chini, akakemewa kwa kukalia nyasi. Nyasi za babu yake mwenyewe!

2. Alitandika mkeka wa plastiki mbele ya kaburi ili tusujudie hapo, babu aone tunamwonea kinyaa. Nikamweleza kwamba hakuna kupe wa kumuuma Maeng mbele ya kaburi la Maeng. Akanijibu, "Mzee wangu, kupe haulizi ukoo." Na mshahara mnampa. Niliuviringisha mkeka wake, nikamwamuru Dal-su apige magoti kwenye nyasi kama mwanamume. Alitii.

3. Eti tukifika nyumbani tuoge, kisha tukaguane kwapani, kwenye nywele na nyuma ya magoti. Watu wenye wajukuu, tukaguane kama nyani?

4. Tangu siku hiyo hakomi kupita kwa Dal-su kuuliza kama ana homa. Sasa homa imemshika kweli, na kuhara juu yake, bila shaka kwa kuulizwa mno. Nimemwambia mkewe ni jua tu, ampe uji, na muuguzi asifunguliwe mlango.

Naomba basi Bi. Pyo ahamishiwe kisiwa kisicho na nyasi wala makaburi, nao kupe watangaziwe rasmi kwamba kilima hiki kina wenyewe.

Nisalimie wote ofisini, hata dereva.

Wako mtiifu,
Maeng Byeong-sik

N.B. Nimeifungua tena barua hii nikiwa hospitali. Asubuhi Dal-su hakunitambua. Mkewe alimfungulia Bi. Pyo mlango, naye ndiye aliyeita gari la wagonjwa. Daktari ameona alama ya kuumwa na kupe nyuma ya goti, akauliza aliipatia wapi. Nilijibu mimi. Tafadhali Bi. Pyo asihamishwe. Yuko nje ya wodi na shemeji yangu, na mkeka wake ninao bado, sijui nimrudishieje.