Unafiki Utakwisha Kabla ya Pasaka

Jumapili ya pili ya Januari, washarika wa Nordby, Minnesota, walitangaziwa kwamba unafiki kanisani utakuwa umekwisha kabla ya Pasaka.

Tangazo lilisomwa na Bwana Lowell Engebretson, muuza mbegu na mwenyekiti wa baraza la wazee, aliyevaa tai yake ya Krismasi kwa kuwa jambo lilikuwa zito. Alieleza kwamba vijana saba wamelihama kanisa wakidai limejaa wanafiki, na kwamba baraza limelipokea dai hilo kwa masikitiko. Badala ya kuwauliza vijana hao walichokiona, jambo ambalo lingechukua muda, baraza limeunda Kamati Teule ya Kudhibiti Unafiki. Mwenyekiti wa kamati ni mwenyekiti huyohuyo. Kila msharika atajaza hojaji ya maswali arobaini na moja, isipokuwa wajumbe watano wa kamati, ambao wamesamehewa ili kulinda uhuru wa kamati.

"Na mnafiki akipatikana?" aliuliza mchungaji.

"Atakalishwa benchi la mbele."

Watu wakaguna. Pale Nordby kanisa hujaa kuanzia nyuma. Benchi la mbele halijakaliwa na mtu kwa hiari yake tangu lilipopakwa vanishi, na vanishi yenyewe bado inang'aa.

Marlys Haugrud, mpishi wa shule na mjane wa miezi mitatu, aliijaza hojaji yake jikoni, akitazamana na kiti kitupu cha marehemu mumewe Arden. Maswali mengi yalikuwa mepesi. Swali la kumi na saba liliuliza: "Je, unayaamini maneno yote unayoyaimba?" Visanduku vilikuwa vitatu: Ndiyo, Hapana, Kiasi. Hicho cha Kiasi kiliwekwa ili karatasi ipendeze, hakikutarajiwa kutumika.

Marlys alilitazama swali hilo mpaka kahawa ikapoa. Tangu Arden azikwe, beti nyingine zilipita kooni na nyingine ziligoma. Akaona anayemuuliza ni Mungu, na Mungu hadanganywi. Akatia alama kwenye Kiasi. Kumbe aliyeuliza ni Lowell.

Matokeo yakatoka. Fomu mia moja na sita. Mia moja na tano zilisema Ndiyo. Kamati iliyapokea kwa faraja. Kitaalamu, unafiki wa Nordby ulikuwa chini ya asilimia moja, na wote ulivaa koti la bluu la Marlys. Barua ikamfikia Marlys Jumanne: amebainika, atazame utaratibu wa kukaa.

Jumamosi alikuwa chini ya kanisa, jikoni, akimenya viazi vya mlo wa baada ya ibada pamoja na Verna, mke wa mwenyekiti.

"Hebu niambie, mwenzangu," alisema Verna, "kwa nini hukuandika Ndiyo kama watu?"

"Kwa sababu si kweli."

"Nani kakuuliza ukweli? Ilikuwa hojaji."

"Na wewe, unayaamini yote?"

"Mimi Lowell alinisimamia kama mtihani wa taifa. Ungekuwa wewe ungeandika nini?"

Verna alikuwa akikwaruza karoti za kutia kwenye jeli yake ya kijani, ile saladi tamu ya kutetema. Jeli hiyo ameipika kila Jumapili kwa miaka thelathini na mmoja. Mwenyewe haipendi. Anaipika kwa sababu mumewe, aliye wa kwanza kwenye foleni ya chakula, huchota kijiko kimoja, huisifu mbele ya watu, kisha hujaza sahani nyama na viazi.

"Nafikiri kesho nitakaa nyumbani," Marlys alisema.

"Kaa. Jumapili moja haimuui mtu."

"Najijua, Verna. Nikikosa moja sirudi tena. Imani yangu sasa hivi ni njiti ya kibiriti penye upepo. Nikiondoa mkono tu, imezimika."

Verna akaacha kukwaruza.

Jumapili ilikuja na baridi ya kugandisha mate. Marlys alipita katikati ya kanisa, visigino vikimsema, akakaa mbele peke yake. Kitabu cha nyimbo cha benchi lile kililia kilipofunguliwa. Aliimba alichoweza. Ulipofika ubeti unaosema kaburi halina uchungu, akanyamaza, akakodolea macho mshumaa.

Nyuma yake fimbo ikaanza kugonga sakafu. Alikuwa Orville Sather, mfuga ng'ombe wa miaka themanini na moja.

"Sogea, mama."

"Mzee Orville, wewe hukuandikiwa barua."

"Eh?"

"Barua. Hukupata."

"Sikupata. Lakini mwaka wa kumi huu simsikii mchungaji hata neno, na kila Jumapili pale mlangoni namwambia mahubiri yalikuwa mazuri." Akaketi. "Imenielemea."

Hajamaliza, Verna akaja na mkoba wake. Wakaja wawili wa kwaya. Ikaja familia nzima, baba akinong'ona kwamba zaka yao si zaka kamili. Benchi likajaa, likajaa la pili, yakaendelea kujaa mpaka nyuma pakabaki patupu. Mjumbe mmoja wa kamati alihama kwa kisingizio cha ukaguzi wa karibu. Watatu wakamfuata kukagua ukaguzi. Ubeti ule uliporudiwa, Marlys hakuuimba. Waliomzunguka waliuimba kwa niaba yake, bega kwa bega, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi alihisi joto.

Bwana Lowell, ambaye siku zote benchi lake ndilo la kwanza lenye watu ukihesabu kutoka mbele, sasa alibaki nyuma ya wote, akipigwa na upepo wa mlangoni, akiwa ndiye mtu safi peke yake Nordby.

Utaratibu wa zamani haukubadilika: mzee wa zamu huruhusu watu benchi kwa benchi, kuanzia mbele, kwenda kwenye meza ya Bwana na baadaye kwenye meza ya chakula. Lowell alipofika ukumbi wa chini na sahani yake, nyama na viazi vilikuwa vimekwenda na wanafiki. Lilibaki bakuli moja la kijani, likitetema.

"Nikupakulie, Bwana Mwenyekiti?" aliuliza Marlys, kijiko mkononi.

"Kidogo tu, dada."

"Kidogo kwa nini?" Verna alidakia. "Leo limebaki lote. Si unaipenda?"

Vijiko vikashushwa. Hata Mzee Orville, asiyesikia, aligeuka kutazama. Lowell aliitazama jeli, akamtazama mkewe, akaitazama tena jeli.

"Kiasi," alisema.

Verna akainama, akafungua jiko, akatoa sahani ya nyama na viazi aliyokuwa amemfichia.

Marlys akamvutia kiti. "Kaa, Lowell," alisema. "Na Jumapili ijayo uwahi. Mbele kunajaa."