Kura Zangu na Mabenchi ya Mama

Jumatatu, 3 Juni

Uchaguzi ni Jumamosi ya wiki ijayo. Kiti cha udiwani nakiona kwa macho ya ndani. Kina mto.

Shangazi amekuja asubuhi na kikapu chake cha kufumia. Nikampa kiti changu cha kuzunguka. Akakikataa, akasema yeye si feni. Akaketi kwenye kigoda kilekile alichokuwa akikikalia nilipokuwa nasoma alfabeti miguuni pake. Akafuma kidogo. Kisha, bila kuniangalia, akauliza kama siku hizi nasali.

Nikamjibu kwamba uhusiano wa mwanadamu na Muumba wake ni suala pana, lenye sura nyingi. Akasema, kumbe husali.

Akaniarifu kwamba watu wanamsimamisha njiani kumuuliza huyo binti yenu msomi ana Mungu au ana vitabu tu. Hata majirani wa msikitini wanauliza. Hao hawajali nasalia wapi, ila kama nasali. Kina mama wa kwaya wanangoja yeye atamke neno, kwani wakimsikia yeye wamesikia. Na yeye hajajua atamke lipi.

Ajabu! Suala hili nililifundisha chuoni. Nilikuwa na mchoro wenye mishale. Nilieleza kwamba mpigakura haulizi imani ya mgombea kwa ajili ya mbinguni, anatafuta dhamana. Anayemcha asiyeonekana huenda akaogopa kuiba pasipoonekana. Nadharia nzuri. Sasa mishale yote imenigeukia mimi.

Mpinzani wangu ni Bwana Amina, mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Jina hilo alibandikwa kwa kuwa huitikia amina kwa kila kitu, hata mteja akipiga chafya. Watu wanamwamini. Mimi namtilia shaka. (Shaka yangu pia naitilia shaka, lakini yenyewe haina kura.)

Nimeamua. Nitaonekana mcha Mungu. Uzito uko kwenye kuonekana.

Jumatano, 5 Juni

Maombi ya jioni. Nimeketi benchi la mbele kabisa, nimevaa kitambaa cheupe kichwani. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nami nikainama! Mchungaji aliposema tuombe, nilipiga magoti kwa kishindo cha kusikika hadi mlangoni.

Kumbe siku hizi wanaomba wamesimama. Utaratibu ulibadilishwa zamani, nikiwa sipo. Mzee wa kanisa alidhani nimezirai. Nikanyanyuliwa. Mama mmoja wa kwaya akanipepea kwa kitabu cha nyimbo, akimwambia mwenzake kwamba hiyo ni njaa ya kampeni, maskini.

Nikiwa pale chini, hata hivyo, niliyaona mabenchi kwa kimo cha utoto wangu. Mbao zimepauka. Zamani ziling'aa kama maji kwenye beseni. Ndiyo ilikuwa kazi ya Mama. Kila Jumamosi mchana, kanisa likiwa tupu, alipaka nta kwa kitambaa, benchi baada ya benchi. Kisha alikunja sketi yake kuukuu, akanikalisha juu yake na kunisukuma. Nilikuwa ndiyo brashi yake! Nateleza kutoka ncha hii hadi ncha ile, napiga kelele, naye ananiwahi kabla sijaanguka. Mwangwi wetu ulipanda hadi darini. Harufu ya nta ilinifuata nyumbani, ikalala nami.

Nimekaa muda mrefu na kumbukumbu hii. Kisha nikaona inavyoweza kutumika.

Alhamisi, 6 Juni

Mpango: nitayafufua mabenchi ya Mama. Jumapili kanisa zima litakalia utauwa wangu.

Tatizo ni kwamba nta inauzwa na Bwana Amina peke yake. Nikaenda kwa mpinzani kununua silaha. Duka lake limejaa misumari, mabomba, na mizani iliyofungwa kamba. Akanipokea kwa heshima, akaniita dada mgombea. Nikamwita kaka mgombea. Nikapiga chafya kwa vumbi la saruji. Amina, akasema.

Akashusha kopo lenye kutu na kusema hii ndiyo nta aliyokuwa akiichukua marehemu mama yako. Nikalichungulia. Madonge ya rangi ya masizi. Pembeni yake palikuwa na kopo jipya la vanishi, lenye picha ya meza inayong'aa kiasi cha mtu kujiona meno. Nikataka hilo. Akakunja uso. Akanionya kwamba vanishi inahitaji siku tatu na jua kali, na kwamba hali ya hewa ina unyevu. Akasema, kwa sauti ya mtu anayemtuliza mtoto, chukua nta dada yangu, utanikumbuka.

Nikatafakari. Kwa nini mpinzani anishauri vyema siku chache kabla ya kura? Hakuna nadharia inayoruhusu jambo hilo. Ni dhahiri anataka mabenchi yangu yafifie. Nimenunua vanishi. Makopo yote.

Jumamosi, 8 Juni

Nimepaka kutwa nzima, milango wazi, ili wapita njia wanione. Wamepita wachache. Mbuzi mmoja ameingia, akatazama, akatoka. Mchungaji alikuja, akanusa, akauliza kama itakauka. Nikamhakikishia kwa takwimu.

Mabenchi yanameta! Ila harufu siyo ile. Nilifumba macho na kuitafuta harufu ya Mama, nikapata ya gereji. Nilisikitika kidogo. Labda ni pua iliyozeeka na si kopo lililokosea.

Jioni nilipitia kwa Shangazi na kumwambia nilichokifanya. Akaacha kufuma. Uso wake ukalainika. Akasema mama yako angefurahi. Nikalala usingizi wa mshindi.

Jumapili, 9 Juni

Kanisa lilijaa. Wote wakaingia wakisifu mng'ao. Wote wakaketi. Nami nikaketi mbele, nimeinamisha kichwa kwa pembe niliyoifanyia mazoezi kwenye kioo.

Kisha mchungaji akawaomba wanakwaya wasimame.

Sitaisahau sauti ile. Kama shuka kubwa inayochanwa taratibu. Kwaya ilisimama nusu. Majoho meupe yalibaki na benchi. Wa sauti ya kwanza walifanikiwa kujibandua, lakini kila mmoja alikuwa na mistari ya kahawia nyuma kama punda milia. Wa sauti ya nne, ambao ni wazito, walirudi chini kwa pamoja. Mama aliyenipepea Jumatano akatangaza kwa sauti kwamba yeye habanduki, wamletee ibada hapo hapo. Watu wakacheka hadi machozi. Mchungaji akajaribu kuhubiri kuhusu kudumu katika imani, akashindwa.

Nami sikuweza kukimbia. Nilikuwa nimenata pia.

Nikatazama upande wa Shangazi. Hakuwa akicheka. Alikuwa akiling'oa gauni lake la kitambaa kizuri, lile alilolivaa kwenye mahafali yangu, uzi kwa uzi.

Jumatano, 12 Juni

Bwana Amina alikuja kanisani Jumapili ileile na matambara na thina ya kuyeyushia vanishi. Hakuuza, alitoa. Alipiga magoti, kweli kweli, nyuma ya kila benchi, akiwanasua waumini. Hakusema hata mara moja kwamba alinionya. Mimi ndiye niliyesema! Mama mmoja aliponiuliza kwa nini duka halikunieleza, ikanitoka kwamba lilinieleza, ila sikumwamini mwenye duka. Nadhani kura zangu zilianguka pale pale, na kishindo chake nilikisikia.

Nimejaribu kuirekebisha hali. Nimetoa kipeperushi: Mgombea Anayewaunganisha Watu. Kimepokelewa kwa kicheko nisichokikusudia.

Shangazi hajaja tangu Jumapili. Kigoda chake nimekipangusa vumbi mara kadhaa, ingawa hakina vumbi.

Jumapili, 16 Juni

Nimeshindwa. Vibaya. Bwana Amina alitangazwa jana, akaitikia amina.

Shangazi amekuja leo. Ameketi kigodani na kunieleza bila kuzunguka kwamba alimpigia kura Bwana Amina, na kwamba aliwaambia kina mama wafanye hivyo. Nikauliza kama ni kwa sababu ya gauni. Akasema gauni ni kitambaa tu.

Akasema miaka yote hii alijua sisali, na alijua nikisema ndiyo ni ndiyo. Jumatatu ile alikuja kuuliza ili apate jibu la kuwapelekea watu. Laiti ningemwambia sisali lakini sitawaibia, hilo lingemtosha. Angelibeba nyumba kwa nyumba. Lakini wiki ile, akasema, alimwona mtu asiyemjua amevaa kitambaa cha kichwa. Unadhani mama yako alipaka nta ili aonekane? Alikuwa akifunga mlango.

Nikasema nimeelewa. Akafungua kikapu na kunipa kitu kilichokunjwa. Sketi ya Mama. Alikuwa ameitunza. Akasema chukua, mwanangu, labda itakufundisha mimi nikishindwa.

Jumatatu, 17 Juni

Nimekwenda kanisani mchana, nina chini ya kwapa lile kopo lenye kutu, nililolinunua asubuhi kwa Bwana Amina. Hapakuwa na mtu. Nikafunga mlango. Benchi moja la nyuma, lile la pembeni, sikulifikia na vanishi. Mbao zake zilikuwa bado zimepauka. Nikapaka nta ile ya madonge.

Harufu ikarudi. Yote. Kwa mpigo.

Nikakunja sketi, nikaikalia, nikajisukuma. Nimenenepa tangu siku zile, benchi lililalamika. Lakini niliteleza! Nikapiga kelele, na darini pakaitika. Nilipofika ncha ya pili hapakuwa na mikono ya kuniwahi. Nikaanguka sakafuni, nikalia kama mtoto, na katika kulia nikajikuta nasema na mtu. Sijui kama ni Mama au ni Mungu. Nilisema asante. Nilisema nisamehe. Nadhani ilikuwa sala. Sijawahi kuwa na uhakika mkubwa hivyo juu ya jambo lolote, na mimi si mtu wa uhakika.

Nimerudi nyumbani nikiwa mwepesi. Nimetafakari tukio lile kwa utulivu, kutoka pande zote. Hitimisho halikwepeki: ni bahati mbaya iliyoje kwamba hapakuwa na shahidi!

Uchaguzi ujao si mbali kama watu wanavyodhani. Na Jumamosi alasiri kwaya huwa na mazoezi. Nitawatangulia kidogo. Mlango nitauegesha tu, usifungike kabisa. Itanibidi nilie tena, lakini kwa harufu ile, hilo sioni kama litakuwa gumu.

Sketi ninayo.