Kabureta ya Delmar

Jumatatu, 8 Julai

Delmar Tollefsrud anauza kila kitu tarehe 27 mwezi huu, amesema mkewe Marlys jana nje ya kanisa. Trekta kubwa, mashine za kukamulia, ngazi, ndoo. Wanahamia mjini. Magoti ya Delmar yamechoka, kasema Marlys. Delmar mwenyewe alisimama kando akidai magoti yake hayana neno, ni ng'ombe ndio waliomchoka yeye.

Baada ya hapo sikusikia mengi. Nilikuwa nawaza kitu kimoja ambacho Marlys hakukitaja: trekta dogo la bustani, Kestrel jekundu, linalooza nyuma ya banda lao. Mimi ninalo kama hilo. Kiwanda kilifungwa zamani, vipuri havipatikani, na kabureta yangu, inayolisha injini petroli, ina ufa. Ufa umesababishwa na mtu aliyekaza skrubu kupita kiasi. Gereji nilikuwa peke yangu.

Mengine, kwa kumbukumbu. Kestrel ni la mke wangu, Ione. Alilitumia kulimia bustani miaka yote, na kila Julai aliliendesha kwenye gwaride la maonyesho ya kaunti, amevaa kofia ya marehemu baba yake. Sasa yuko kwenye nyumba ya wazee, Barabara Kuu, na hanitambui. Mwezi Mei mtu alipita nje na mashine ya kukatia nyasi. Ione akainua kichwa, akauliza nani kawasha trekta lake. Muuguzi, Renata, alikuwepo na amethibitisha. Hajatamka sentensi nzima tangu hapo.

Gwaride ni Jumapili tarehe 28. Linapita chini ya dirisha lake. Kestrel litapita, naye atalisikia.

Mpango: kabureta ya Delmar.

Jumanne, 9 Julai

Nimekwenda kwa Delmar na zukini nne, vile viboga virefu vya kijani. Julai hapa kila mtu ana zukini nyingi kuliko marafiki, kwa hiyo hakuna anayeshuku kitu.

Kuomba moja kwa moja ni tabia ya watu wa jiji, wa Chicago. Tulizungumza mvua. Tulizungumza mahindi. Tulifika kwenye bei ya maziwa, tukanyamaza wote wawili kwa heshima. Ndipo nikasema, huku nikitazama kwingine, kwamba kabureta yangu inanisumbua kidogo.

Delmar akasema la kwake limekaa bure pale nyuma. Nichukue kabureta, nichukue na trekta zima, panya watatafuta nyumba nyingine.

Nikasema hapana, asisumbuke.

Hiyo ya kwanza. Mtu mwenye malezi hukataa mara mbili, ya tatu hupokea huku akinung'unika. Mama yangu aliwahi kumwona mgeni akikubali kahawa alipokaribishwa mara moja tu, akamsema mtu huyo hadi mama mwenyewe anaingia kaburini.

Delmar akasema haya. Anaujua mchezo.

Alhamisi, 11 Julai

Zukini sita. Nimemkuta Delmar amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, uso rangi ya jibini. Nikamwuliza kulikoni. Akasema joto. Miaka arobaini gazetini sikuwahi kuridhika na jibu la neno moja. Leo nimeridhika. Nilikuwa na haraka ya kufika kwenye kabureta.

Mvua, mahindi, maziwa. Kisha akaanza mwenyewe. "Orval, bwana, si ulichukue tu hilo dude? Au unataka nikufungie na utepe?"

Nikasema nitakuwa kama nakupora.

Akasema, "Wewe mzee utakufa umesimama mlangoni unangoja kukaribishwa."

Tukacheka. Yeye alicheka kidogo kuliko mimi, akashika kifua, akasema tena ni joto.

Ya pili. Imekwenda vizuri sana. Jumamosi nachukua.

Nikirudi nimepita kwa Ione. Nikampa biskuti. Akaipokea hapo hapo, mara ya kwanza, bila hata kusema aa. Ione wa zamani angeiacha iote ukungu kwenye sahani kuliko kuipokea upesi hivyo. Renata akasema tufurahi, mzee, mama anakula. Nikasema ndiyo. Nikatoka nje kidogo kuangalia tairi za gari. Hazikuwa na tatizo.

Jumamosi, 13 Julai

Asubuhi, jaribio. Ufa nimeuziba kwa gundi ya chuma. Injini imewaka. Kestrel limefika hadi kwenye sanduku la barua, pakatokea moto. Nimeuzima kwa maji ya kumwagilia maua. Nyusi ya kushoto imeungua yote, ya kulia nusu. Kabureta sasa ni vipande viwili.

Mchana nimekwenda kwa Delmar kupokea ya tatu. Hakuna mtu. Gari halipo, mlango haukufungwa. Nimegonga. Nimengoja kibarazani. Zukini nilizoleta Alhamisi bado ziko pale pale kwenye ngazi.

Delmar anajitia mgumu. Sawa. Nimerudi nyumbani, nikalipakia Kestrel kwenye tela, nikaliegesha mbele ya geti lake, boneti wazi, pengo la kabureta likiitazama nyumba yake. Akirudi atalikuta. Kama ana moyo, utamsuta.

Jumapili, 14 Julai

Delmar Tollefsrud, miaka 74, alifariki jana jioni hospitalini La Crosse, amesema Marlys kwa simu. Moyo. Alimkimbiza asubuhi, hakukumbuka kufunga mlango.

Akauliza kwa upole kama naweza kuondoa tela. Watu wanakuja na vyakula, hawapati pa kupita.

Nimeliondoa. Boneti nimeifunga.

Alhamisi, 18 Julai

Mazishi. Ukumbi wa chini wa kanisa, mikate yenye nyama ya nguruwe, jeli ya kijani yenye karoti ndani, kahawa nyepesi. Watu wengi. Hakuna aliyeniuliza kuhusu nyusi.

Tanzia nimeiandika mimi, Marlys aliniomba. Nimeandika alikozaliwa, jeshi, ng'ombe, watoto. Nimeandika kwamba trekta lake kubwa lilishinda kikombe cha gwaride mara sita. Nilihakiki kwenye magazeti ya zamani nikitumaini ni tano. Ni sita.

Marlys alikuwa akipita na birika la kahawa, hataki kukaa. Aliponifikia akalitua mezani. "Shemeji, Delmar kaniachia neno lako. Na mrija puani, kaniambia, mwambie yule mpumbavu aje achukue kabureta yake." Akarudia, "Yake, kasema."

Nikasema hapana, Marlys, siwezi, siku kama ya leo.

Akaniangalia akikunja macho, kama vile nimemwomba anisomee kitu kilicho mbali. Akachukua birika lake.

Nimelifikiria njia nzima. Ya tatu ya Delmar haikutoka kinywani mwake, haihesabiki. Hii imetoka kwa Marlys, kwa hiyo ni ya kwanza. Na mjane huwezi kumkubalia upesi kuliko ulivyomkubalia mumewe. Watu wangesemaje.

Jumatatu, 22 Julai

Mpango wa akiba. Kijana mmoja wa Eau Claire ametangaza kabureta ya Kestrel, nzima. Nimeendesha gari hadi kwake. Ni ya mashine ya kusukumia theluji. Nimemweleza tofauti. Akasema zote si zinanyonya petroli, babu.

Akanikaribisha kahawa. Nikasema hapana, asijisumbue. Akaimimina yote kwenye kikombe chake, akainywa mbele yangu.

Nimerudi na kiu. Vijana hawakulelewa.

Ijumaa, 26 Julai

Kestrel la Delmar litauzwa kesho pamoja na vyuma chakavu, fungu moja, amesema Marlys kwa simu mchana. Mnunuzi anatoka Minnesota na lori lenye mashine ya kubonda. Kwamba litabondwa hapo hapo uwanjani, dalali amemhakikishia.

"Shemeji, njoo na spana leo," akasema. "Sitaki hela, sitaki zukini. Za mara ile nimezitupa. Njoo tu uifungue uende nayo, umpelekee Ione mlio wake."

Sauti imechoka. Nyuma yake nilisikia watu wakiburuta samani.

Nikasema asisumbuke, ana mambo mengi.

  Akasema, "Haya, shemeji." Neno hilo alilitamka kama Delmar.

Hiyo ya pili. Tuko pazuri. Nimefikiria kwenda mnadani kupandisha bei mwenyewe, nikaona haifai. Kununua mbele ya kaunti nzima kitu ambacho mjane alitaka kukupa bure ni kumpiga kofi.

Jioni nimekwenda kwa Ione. Nimemwambia Jumapili akae karibu na dirisha. Renata ameahidi kumsogeza kabla ya saa saba na kuliacha wazi, hata ikinyesha. Nikatoa biskuti. Ione akaipokea, akaivunja katikati, akaishikilia nusu moja mbele yangu.  Mwezi wa nne sasa hajanipa kitu.

Nikasema hapana, asante, kula wewe.

Akaila.

Nimengoja kidogo. Biskuti ilikuwa imekwisha.

Mnada unaanza kesho saa nne asubuhi. Marlys huamka mapema, ya tatu atanipigia kabla ya hapo. Simu nimeisogeza karibu na kitanda, spana ziko garini.