Kengele ya Kompyuta

Jumatatu, 2 Machi 1987

Kanisa letu hapa Kariobangi limepewa kompyuta! Wageni waliotutembelea Krismasi ndio walioituma. Imewekwa katika chumba cha nyuma, kile chenye sakafu ya simiti na stima. Pasta Mulama anatafuta mwalimu mmoja wa kuwafundisha vijana kuandika kwa kompyuta. Atakayepatikana atakabidhiwa mashine na chumba.

Nafasi hiyo ni yangu. Ya nani tena? Mimi ndimi Gachanja wa Chuo cha Taipu cha Gachanja, kilichotoa nusu ya makarani wa Industrial Area. (Nusu ni makisio.) Tena naihitaji kweli. Njogu, mwenye nyumba, anakitaka chumba ninachofundishia. Anafungua bucha. Mwezi ukiisha nikiwa sina pa kwenda, chuo kimekwisha, na sijui kazi nyingine.

Pasta aliniuliza kama nimewahi kutumia kompyuta. Nikamwambia nyingi sana.

Jioni nasikia Madam Asenath naye ameomba. Alikuwa sekretari katika ofisi fulani mjini. Siku hizi anafundisha watu wachache sebuleni kwake na kujiita chuo. Sebuleni, kati ya makochi! Pasta ni mtu wa amani, kwa hiyo ameamua tushindane. Jumapili baada ya ibada kila mwalimu atamleta mwanafunzi mmoja, aandike tangazo la mkutano wa akina mama mbele ya wazee wa kanisa. Mashine ni moja, basi tutafanya mazoezi kwa zamu. Mimi asubuhi, Asenath alasiri.

Nimemchagua Nakhumicha. Vidole vyake havina mpinzani Eastlands nzima. Baba yake ni kibarua Mukuru na nyumba nzima inamngojea apate kazi ya ofisi.

Jumanne, 3 Machi

Mlangoni kuna karatasi: vua viatu, kompyuta haitaki vumbi. Sikuwa nimejiandaa. Soksi ya kushoto imetoboka, na kidole gumba kikatoka kusalimia wanafunzi. Nimefundisha asubuhi nzima mguu mmoja ukiwa juu ya mwingine.

Mke wangu Waithera ameifumia mashine kitambaa chenye maua, kama kile cha redio yetu. Inapendeza. Nimeiacha imefunikwa vizuri.

Chuoni kwangu hakuna anayetazama vidole. Ndiyo sheria ya kwanza, na taipu zangu zote nimezibandika plasta juu ya herufi. Basi na hapa nimebandika. Nimebandika hata vile vitufe vya pembeni nisivyovijua. Kama mimi sivijui, wanafunzi wana haja gani navyo?

Alasiri Asenath alibandua plasta zote. Kitambaa alikikunja akakiweka dirishani, eti mashine inataka kupumua. Wivu!

Jumatano, 4 Machi

Nimegundua kasoro kubwa. Mashine haina kengele.

Kwenye taipu, mstari ukikaribia mwisho kengele inalia. Ting! Unamaliza neno, unasukuma mkono wa mashine, unaanza mstari mpya. Nimewafundisha watu hivyo tangu nilipokuwa na nywele. Kompyuta hii haisemi kitu. Nakhumicha aliandika mpaka ukingoni, nikamwona anaendelea tu, na neno likashuka lenyewe mstari wa chini. Lenyewe! Hakuna aliyeliambia. Nikamwamuru aache mara moja.

Kuna kitufe kikubwa upande wa kulia. Ukikibonyeza, unaanza mstari mpya. Hapo nikatulia. Kilichokosekana ni sauti tu.

Nilitembea hadi Kiamaiko. Ambaro, anayeuza mbuzi, alinivulia kengele shingoni mwa beberu mmoja. Akaniuliza nina mbuzi wangapi. Nikamwambia ni ya kompyuta. Akazihesabu pesa zangu mara mbili.

Sasa nasimama nyuma ya Nakhumicha. Herufi zikikaribia ukingo, napiga kengele. Naye anabonyeza. Mistari yote sawa, imenyooka. Nilisikia raha ambayo sijaisikia siku nyingi.

Alhamisi, 5 Machi

Nimepita nyuma ya kanisa alasiri, kwa bahati tu, nikapanda juu ya tofali lililokuwa chini ya dirisha. Asenath anamfundisha kijana aitwaye Makokha. Sikuamini macho yangu. Makokha anaandika bila kumaliza mistari! Anaacha maneno yamwagike yenyewe. Kitufe kikubwa hakigusi mpaka aya iishe. Asenath amesimama hapo anatabasamu tu.

Tofali lilipinduka. Asenath akatokeza dirishani, akanisalimu kwa adabu, akaniuliza kama nimeumia. Nikamwambia nilikuwa nakagua mifereji.

Nimekwenda moja kwa moja kwa Pasta kumwarifu kwamba wanafunzi wa upande ule hawajui mstari unaishia wapi. Pasta akasema ataliombea jambo hilo.

Nakhumicha naye, baada ya mazoezi, akanieleza kwa heshima kwamba hii mashine inajirudisha yenyewe, pengine kengele si lazima. Nikamwambia katika chuo changu mstari humalizwa na mtu. Akaitikia, ndiyo Mwalimu. Mtoto mzuri sana.

Ijumaa, 6 Machi

Nakhumicha aliandika tangazo zima, safi. Stima ikapotea. Iliporudi, kioo kitupu! Nikaenda kwa Pasta kushtaki kwamba Asenath ameiba tangazo letu. Pasta akanieleza kwamba mashine husahau kila kitu usipoiambia ihifadhi. Nikasema nilijua, nilikuwa nampima.

Waithera ananiuliza, Baba Gichuru, kwa nini usimwombe Asenath akuonyeshe kidogo? Ndiyo maneno yanayosemwa ndani ya nyumba yangu mwenyewe.

Jumamosi, 7 Machi

Leo nimepata wazo ambalo litammaliza Asenath.

Kila mpiga taipu anajua adui yake. Si kuandika, ni kurekebisha. Bosi akitaka kuongeza sentensi katikati, karatasi imeharibika, unaanza upya. Hapo ndipo mwenye vidole vyepesi anapojulikana. Makokha ni mzito kama gunia la viazi.

Basi nimempelekea Pasta pendekezo. Kila mwanafunzi akimaliza, apewe sentensi moja ya kuongeza katikati ya tangazo. Pasta kaona ni jambo la busara. Asenath aliposikia akaniuliza kama nina hakika. Nikamwambia asiogope. Akasema sawa, Mwalimu.

Nadhani alikuwa anatetemeka.

Jumapili, 8 Machi

Ibada ilikuwa ndefu. Sikusikia hata neno moja.

Tulijaa chumbani, wazee wote wamevua viatu, joto na harufu ya soksi. Makokha alianza. Polepole. Vidole viwili! Nilimhurumia. Alipomaliza, Pasta akampa ile sentensi: kila mama aje na kikombe chake na sukari kidogo. Makokha akarudi katikati, akaipachika. Na mistari ya chini ikasogea yenyewe, kama watu wanavyosogea kwenye benchi mgeni akija. Tangazo likakaa sawa kana kwamba sentensi ilikuwamo tangu mwanzo. Wazee wakasema aaah.

Nikajiambia ni bahati.

Nakhumicha akaketi. Nikatoa kengele. Mstari wa kwanza, nikapiga, akabonyeza. Wa pili. Wa tatu. Kasi kama mvua kwenye mabati! Tatizo ni kwamba watoto wa shule ya Jumapili hapo jirani hutolewa kwa kengele. Wakasikia. Wakatoka wote mbio, wakaingia chumbani na viatu na vumbi lao, mwalimu wao Nangila akiwafukuza kwa nyuma. Nikaendelea kupiga. Nidhamu ni nidhamu.

Akamaliza kwa muda ambao Makokha hakuwa amefika hata nusu. Kisha sentensi ya kuongeza. Akaipachika, na tangazo likavunjika. Mstari mrefu, chini yake neno moja peke yake. Mrefu tena, halafu maneno mawili. Mahali pote alipokuwa amebonyeza kile kitufe, mstari ulikatika hapohapo na ukakataa kusogea.

Nakhumicha akaelewa upesi. Akaanza kufuta ile mikato, mmoja mmoja, na mistari ikaanza kuungana. Alikuwa karibu kuokoa kila kitu. Lakini nikaona maneno yanafika ukingoni. Nikapiga kengele. Mkono wake ukatii, akabonyeza. Akafuta tena. Nikapiga tena. Akageuka kunitazama, machozi yanamlenga. Pasta akaichukua kengele mkononi mwangu, taratibu, kama anayemnyang'anya mtoto kisu.

Lakini Mzee Mativo, mkubwa wa wazee wa kanisa, alikuwa amekwisha kuinuka na kutafuta viatu vyake.

Tangazo la Makokha limebandikwa mlangoni. La Nakhumicha limo mfukoni mwangu.

Nje Nakhumicha alinijia, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Akasema Madam Asenath amemkaribisha na kuna ofisi inayotafuta mtu wa kompyuta. Akasema, Mwalimu nisamehe, mimi nataka kazi. Nikamwambia aende. Iliniuma sana. Sikuwahi kuwa na mwanafunzi kama yule.

Jumatatu, 9 Machi

Asenath ametuma salamu kupitia kwa Waithera. Naweza kujiunga na darasa la wanaoanza, bure, bila kengele. Nimecheka kwa sauti ili majirani wasikie.

Nimefikiri sana kuhusu jana, na kosa nimeliona. Kengele ilikuwa ndogo. Imezoea mbuzi, haiwezi kumwongoza mtu mwenye mawazo yake. Nimekwenda Kiamaiko na Ambaro anayo moja ya fahali. Nimeibeba kwa mikono miwili.

Niliporudi nilimkuta Njogu anapima ukuta wangu, mahali pa kutundikia nyama. Nikamweleza kwamba bucha za kisasa zote zinaandika matangazo kwa kompyuta, na kwamba akimpata mtu wa kumfundisha karani wake hapo konani, nyuma ya mizani, Kariobangi nzima itanunua kwake. Akasema ana shemeji anayeweza kumletea mashine.

Kisha akaniuliza kama nimewahi kuitumia. Nikamwambia nyingi sana.