Hotuba ya Kufungua Maabara ya Kolajeni, Mogogosiek

Mheshimiwa mwakilishi wa mgeni rasmi ambaye hakufika, machifu na manaibu wao, maaskofu wa makanisa yote yaliyopewa viti vya mbele, wenyeviti wa zamani, wa sasa na wanaojipanga, na ninyi wachumaji wa majani chai mliosimama juani kwa hiari yenu: hamjambo. (Makofi, hasa kutoka hemani.)

Mimi, Zacheus Kimotho, Mratibu Mkuu wa Mradi wa Kupima Kolajeni, nimesimama hapa kwa unyenyekevu ambao hata wafadhili wameusifu, kufungua rasmi maabara hii ya kisasa ambayo, kwa mujibu wa strategic plan yetu, imekamilika kwa asilimia tisini na nne, sita iliyobaki ikiwa ni vifaa. (Makofi.)

Kolajeni, ndugu zangu, ni protini inayoshikilia ngozi, mifupa na viungo vyenu. Kipimo chetu kina sahani ya vishimo vidogo; ndani yake kingamwili huinasa kolajeni iliyo katika damu, kisha rangi hutokea, na mashine husoma ilivyokolea. Nimeisoma brochure yake mara mbili. (Makofi.) Mwezi Machi mlitoa damu kwenye kituo cha kupimia majani, na kwa ajili ya accountability karani alizipima chupa zenu kwa mizani ile ile ya majani, akakata uzito wa gunia na wa umande kama kawaida, ili mchumaji yeyote asipendelewe. (Kicheko. Mzee Sagini, kutoka kwa wachumaji: "Hata damu mmekata!")

Naona Mama Mongina ameinua mkono. Kwa kifupi, Mama.

(Mama Mongina: "Mheshimiwa, hizi vidole zangu hazikunji tena. Daktari alisema results zikionyesha joint zimeharibika, meneja atanipeleka nasari ya miche. Bila hizo results, Jumatatu narudi kuchuma ama nitoke nyumba ya kampuni. Ziko wapi?")

Swali zuri sana, na limenukuliwa. Majibu yako, Mama, yamo katika mchakato, na mchakato wenyewe umepitishwa na kamati ndogo, kamati kubwa, na kikao cha stakeholders kilichoketi hotelini Kericho, ambapo jina lako lilitajwa wakati wa chai. (Mzee Sagini: "Chai iliyochumwa na nani?")

Hilo, Mzee, litajibiwa kupitia public participation. Kwa sasa semeni nami: Kolajeni juu! (Hema: "Juu!") Viungo imara! (Hema: "Imara!")

Nimalizie kwa shukrani. Nakishukuru chama cha ushirika cha maziwa kwa kutuazima jengo hili tukate utepe. Tutoke haraka, maziwa ya jioni yanakaribia. Namshukuru fundi aliyelipaka rangi boksi mnaloliona kama mashine. Nawashukuru nyote kwa damu yenu, iliyoharibika kwa joto wiki ile ile mliyoitoa. Na kwa namna ya pekee namshukuru Mama Mongina, kwa kuwa picha yake akitolewa damu ndiyo iliyo kwenye jalada la ripoti, na mbali na jalada hilo Mradi hauna kitu kingine. Mama, Jumatatu ukiwa shambani mpiga picha atapitia hapo. Anahitaji picha yako ukichuma, kwa ajili ya sura ya mafanikio katika ripoti.